Sehemu ya Thadei

Oliva Haule wa Likwambe hakuimba akifua, hakuimba akitwanga, wala hakuwabembeleza watoto wake kwa wimbo. Wageni waliohamia karibuni, walimu na wauza duka, walidhani bibi huyu hana sauti kabisa, maana hata kanisani alikaa kimya huku wenzake wakipasua koo. Wenyeji hawakumshangaa. Walijua kwamba sauti yake ina kazi moja tu, nayo ni kuzika watu.

Likwambe si parokia, ni kigango tu, ng'ambo ya Bombambili, pembezoni mwa mji, ukishavuka kijito na shamba la mikaratusi. Bodaboda inakufikisha kwa dakika ishirini kama mvua haijanyesha. Kuna kanisa la matofali ya kuchoma, kengele iliyoning'inizwa kwenye mti, shule ya msingi, na makaburi yaliyo mengi kuliko nyumba. Padre anafika Jumapili mbili kwa mwezi. Zinazobaki katekista anaongoza ibada mwenyewe. Waumini hawazidi sitini, na nusu yao ni wajane.

Kigango hicho kilianzishwa na baba yake Oliva, mzee Romanus, mwaka 1934, kwa familia kumi na moja na kibanda cha nyasi. Bruda mmoja Mzungu aliyekuwa akipita kwa miguu alimfundisha Romanus sala, kusoma, na wimbo mmoja wa Kilatini wa kumsindikiza marehemu kaburini. Wimbo wenyewe ulikuwa wa pande mbili. Wanaume walisimama kichwani pa kaburi wakaimba beti ndefu. Wanawake walisimama miguuni wamefumba midomo, wakivuma chinichini mpaka ubeti uishe, ndipo wakafumbua na kuitikia. Hakuna aliyeuandika. Hakuna aliyejua maana yake yote, na sidhani kama kuna aliyejali. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu wa vigango vingine walitania kuwa ukitaka kuzikwa vizuri, uhamie Likwambe ukiwa mgonjwa.

Mwaka 1956 ikaletwa habari kwamba mgeni mkubwa kutoka misheni atatembelea kigango na angependa kuusikia wimbo huo. Romanus akawaita waimbaji uwanjani pa shule wafanye mazoezi kila alasiri. Mkewe, aliyekuwa na mimba kubwa, alisimama upande wa wanawake pamoja na wenzake, akavuma na kuitikia, akarudi nyumbani akipiga soga. Siku ya tatu uchungu ukamshika asubuhi. Ilipofika saa saba mchana mtoto alikuwa hai, na mama alikuwa amekwisha kufa.

Watu wakakusanyika msibani. Kisha bibi mmoja akasema waziwazi kilichokuwa moyoni mwa kila mtu, kwamba wameimba wimbo wa kaburi bila maiti, na kaburi limekuja kuchukua chake. Romanus alikuwa ametumia miaka ishirini na miwili kuwahubiria watu hao waache hirizi na kutazamia. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya altare, macho yamemvimba, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo wimbo ule hautaimbwa tena pasipo maiti kulala mbele ya waimbaji. Mgeni wa misheni akaja, akaimbiwa wimbo wa Bikira Maria, akaondoka.

Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye Oliva. Hakuna aliyemchukia, hilo niliseme. Alilelewa na bibi yake kwa uji na upendo wa kutosha. Ila bibi huyo alikuwa mkali wa mdomo, na kila Oliva alipovunja chungu au kuchelewa kisimani aliambiwa kwamba yeye alikuja duniani na wimbo, basi ajihadhari. Maneno kama hayo mtu mzima huyasema na kuyasahau. Mtoto huyabeba.

Kwa hiyo Likwambe wakawa na wimbo usioweza kufanyiwa mazoezi. Aliyetaka kuujua alijifunza kaburini, kwa kusimama kando ya wakubwa na kuokota neno moja leo, jingine msiba ujao. Mengine yote yalipita. Misa ikageuka kuwa ya Kiswahili, ngoma zikaingia kanisani, kanisa la nyasi likabomolewa na la matofali likajengwa mwaka 1971. Wimbo wa kaburini haukuguswa. Oliva aliuanza akiwa na miaka kumi na tatu, siku anazikwa yule bibi yake mkali wa mdomo.

Kilele cha wimbo huo, nasikitika kusema, kilikuwa miaka ya tisini. Ugonjwa ule uliingia Likwambe kama ulivyoingia kila mahali, na kuna wiki walizika mara tatu. Vijana waliokuwa wakisuasua wakaujua wimbo wote kwa mwaka mmoja, kwa sababu hawakupata nafasi ya kuusahau. Wazee wanasema haukuwahi kuimbwa vizuri kama wakati ule. Upande wa wanaume watu kumi na wanne, wa wanawake ishirini. Halafu zamu ya waimbaji wenyewe ikafika, mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakawaimbia.

Oliva alimwimbia mumewe, Yohanes, mkulima wa mahindi na tumbaku, mwaka 1997. Aliwaimbia wanawe wawili. Hakudondosha chozi mpaka mwitikio wa mwisho ulipokwisha, na kuna waliosema ana moyo wa jiwe. Si kweli. Alikuwa anaogopa kwamba akilia katikati wimbo utakatika, na wimbo uliokatika hakujua unampeleka wapi mtu. Akifika nyumbani ndipo aliangua kilio, mlango umefungwa, kitenge mdomoni.

Dawa zilipopatikana, Mungu ashukuriwe, watu wakaacha kufa hovyo, na pamoja na neema hiyo wimbo ukaanza kufifia. Vijana wakahamia mjini, Lizaboni na kwingineko. Ikaundwa kwaya yenye kinanda na spika. Misiba ikawa michache, waimbaji wakawa wachache zaidi. Mwaka 2019, walipomzika mama mmoja wa upande wa wanawake, Oliva aligeuka kushoto na kulia akajikuta amesimama peke yake. Akainua macho, na kule kichwani pa kaburi naye Thadei alikuwa amesimama peke yake.

Thadei alikuwa fundi mwashi. Tanuri lililochoma matofali ya kanisa alilijenga yeye akiwa kijana, na tangu Romanus afariki mwaka 1983 ndiye aliyekuwa kiongozi wa upande wa wanaume. Alimzidi Oliva miaka kumi na mmoja, akimwita mdogo wangu, naye akimwita kaka, ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Mtu wa maneno mengi, mpenzi wa pombe ya ulanzi, asiyeweza kupita nyumba ya mtu bila kukosoa ukuta wake. Baada ya mazishi yale ya 2019 alimsindikiza Oliva hadi kwake, na njiani wakapeana ahadi kwamba atakayetangulia ataimbiwa na mwenzake. Waliridhika kabisa. Watu wazima wawili, wenye akili zao, waliahidiana wimbo wa pande mbili, wala hakuna aliyeuliza atakayebaki ataimbaje pande zote.

Oliva hakuujua upande wa wanaume. Alikuwa ameusikia zaidi ya miaka hamsini, lakini aliusikia akiwa anavuma, na mtu anayevuma husikia kichwa chake mwenyewe. Alijua ubeti unaanza lini na unaishia wapi. Maneno yake hakuwa nayo.

Mwaka 2022 akaja Judica. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Moshi, aliyelelewa Kilutheri na kugeuka Mkatoliki alipoolewa na kijana wa huku. Alikuwa na sikio la muziki, na haukupita mwezi kabla hajakabidhiwa kwaya. Alihudhuria mazishi ya mtu mmoja, akawasikia wazee wawili wakiitikiana juu ya shimo, na siku iliyofuata akaenda kwa Thadei kuomba afundishwe.

Thadei alikubali palepale, akasugua viganja, akamtaka aketi na kuandika. Akatoa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akakwama. Akarudia mwanzo, akakwama palepale. Alimweleza Judica kwa aibu kwamba maneno hayamo kichwani mwake. Humjia anaposikia wanawake wanavuma, na wasipovuma hayaji. Judica hakukata tamaa. Alimfuata Padre Anselmo parokiani, naye padre akamtolea vitabu vya zamani vya ibada. Wimbo uliofanana na wao ulikuwemo, lakini si huo. Kwa karibu miaka tisini watu wasiojua Kilatini walikuwa wameugeuza neno kwa neno na tuni kwa tuni, na padre alisema wazi kwamba wanachokiimba Likwambe hakimo katika kitabu chochote duniani.

Njia ilikuwa moja basi, na haikuwa ngumu: Oliva avume, Thadei aimbe, Judica arekodi kwa simu. Alasiri moja ingetosha. Oliva alipoelezwa alitikisa kichwa, akasema wimbo huo hauimbwi bila maiti, akaendelea kupepeta mahindi yake. Judica akangoja msiba. Watu wa Likwambe, kwa ukaidi wao, wakakaa mwaka mzima na nusu bila kufa.

Juni ya mwaka jana, baridi ilipozidi, kifua cha Thadei kikaanza kubana. Vumbi la udongo na moshi wa matanuri ya miaka yote ile vilikuwa vimemkalia mapafuni. Binti yake, Leticia, akamhamishia nyumbani kwake Bombambili awe karibu na hospitali. Daktari alimweleza Leticia pembeni kwamba amtunze tu, na Leticia akamwambia Oliva kwa simu kwamba baba anamwulizia.

Oliva alifika kwa bodaboda akiwa na chupa ya togwa aliyoipika mwenyewe. Alimkuta kaka yake ameegemezwa kwenye mito, amekonda, mikono ile mikubwa ya fundi imelala juu ya blanketi bila kazi. Judica alikuwa amekwisha kufika, ameketi kwenye kigoda, simu mapajani. Oliva aliiona simu ile na kuelewa kabla hajaketi.

Thadei hakuzunguka. Alisema amewazika watu zaidi ya mia mbili na hajawahi kujua wenyewe wanasikia nini wakiwa wamelala pale chini.

"Nivumie, mdogo wangu," alisema. "Maneno yatakuja, mwalimu atayachukua. Na mimi nitausikia ningali na masikio."

"Kaka, hilo usiniombe."

"Nitakufa hata usipoimba."

"Basi usife kwa mdomo wangu," Oliva alisema.

Thadei akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Leticia akaja kumwinua na kumfuta mdomo. Kilipotulia aliomba togwa, akanywa funda mbili, akauliza kama ule ufa wa kanisani, nyuma ya sakristia, umezibwa. Judica aliitia simu ndani ya mkoba. Hakuna aliyeurudia mjadala ule, na Oliva aliondoka kabla jua halijashuka.

Alikataa kwa mapenzi, mtu asimhukumu upesi. Mtu aliyezaliwa kama alivyozaliwa yeye angewezaje kukaa kando ya mgonjwa na kuuita wimbo ule? Kila alipofikiria kufumba mdomo na kuvuma, alimwona mama yake, ambaye hakuwahi kumwona, amesimama uwanjani pa shule na tumbo lake, akivuma kwa furaha. Alisema moyoni kwamba ameua mmoja kwa kuzaliwa tu na hataua wa pili kwa kuimba.

Baadaye likatokea jambo lililomdanganya. Thadei akapata nafuu. Wiki ya kwanza alikaa mwenyewe kitandani, ya pili akatoka kibarazani kuota jua, akala kande bakuli zima, akamgombeza kijana aliyekuwa akipaka lipu nyumba ya jirani. Leticia alimpigia Oliva simu kumpa habari, naye akapiga magoti kushukuru. Alijiona ameshinda. Aliwaza kwamba kama angesikiliza maneno ya watu siku ile, kaka yake angekuwa udongoni sasa. Siku kumi na tisa alitembea na ushindi huo moyoni, akisikia fahari. Alasiri moja tu kati ya hizo ingetosha kuurekodi wimbo wote.

Alhamisi moja mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Thadei alimwomba Leticia maji, na Leticia aliporudi na kikombe alikuta amekwisha kukata roho.

Walimzika Jumamosi, Likwambe, upande wa juu wa makaburi ambako wapo waimbaji wote. Watu walikuwa wengi, mafundi wa mji mzima, na upepo wa baridi ulikuwa unawapeperushia kanga. Kwaya ya Judica iliimba kwa kinanda kutoka kanisani hadi shimoni. Jeneza likateremshwa, Padre Anselmo akamaliza sala na kunyunyiza maji ya baraka, akamtazama Oliva na kurudi nyuma hatua mbili.

Oliva alisimama miguuni pa kaburi, mahali pake pa miaka yote, akangoja. Hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa anamngoja Thadei aanze. Kule kichwani hapakuwa na mtu, ila lundo la udongo na vijana wanne wenye makoleo.

Akajikaza. Akafumba mdomo, akavuma ubeti wa kwanza mpaka alipojua umefika mwisho, akafumbua na kuitikia. Sauti yake ilitoka safi, ya ajabu kwa mtu wa miaka sitini na minane, na watu waliokuwa wakinong'ona kule nyuma wakaacha. Kisha akafumba macho na mdomo, akaanza kuvuma ubeti wa pili, ule mrefu kuliko yote. Ndani ya kichwa chake Thadei alikuwa anaimba. Hakuyasikia maneno, lakini aliisikia sauti yake yote, ile yenye mchanga ndani.

Waliokuwa wamesimama pale hawakumsikia Thadei. Walichoona ni bibi kizee amefumba macho, anayumba, anatoa sauti ya kuugua. Walimhurumia. Mama mmoja wa jumuiya akaja akamshika bega, akamwambia pole bibi, basi, inatosha. Mmoja wa vijana akamtazama padre, padre akainamisha kichwa kukubali, na koleo la kwanza la udongo likaangukia jeneza.

Oliva hakuacha. Aliuvuma ubeti hadi mwisho na kuitikia, akaanza wa tatu, lakini makoleo manne yalikuwa yanafanya kazi, na kwaya, kwa kudhani sasa ni zamu yao, ikawasha spika. Yalibaki maitikio matatu. Aliyaitikia yote, mahali pake, mpaka la mwisho. Hakuna aliyeyasikia isipokuwa yule mama aliyemshika bega, naye alidhani ni kilio.

Siku tisa hakutoka nje ya ua wake ila kwenda chooni na kisimani. Hakulia safari hii, na hilo lilimtisha kuliko kulia. Leticia alikuja akamkuta anatwanga, akamwuliza kama anakula, akajibiwa ndiyo. Alipotaka kuondoka Oliva alimshika mkono.

"Baba yako aliniomba kitu kimoja tu, nikamnyima," alisema. "Nilidhani namlinda."

Leticia alimwambia baba hakuwa na kinyongo, tena siku moja kabla ya kufa alikuwa akimsifia togwa yake, na kusikia hivyo kulimchoma Oliva vibaya zaidi.

Jumatatu iliyofuata Judica alipita baada ya masomo, na sukari kilo moja kwenye mfuko, kama watu wanavyofanya msibani. Alianza kuomba radhi kwa ajili ya spika, akasema alipaswa kuelewa, yeye ndiye mwenye sikio la muziki. Oliva alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamvutia kigoda karibu na mafiga, akaondoa chungu motoni, akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Nitakufundisha wa wanawake," alisema. "Wa wanaume haupo tena."

Judica alitazama mlangoni, akatazama moto, akauliza polepole kama si wazee wenyewe waliosema hauimbwi bila maiti.

"Waliosema wamelala kule wote," Oliva alijibu. "Nimebaki mimi, na mimi naimba."

Akafumba mdomo akaanza kuvuma, jikoni kwake, mchana kweupe. Judica akamfuata, akaishika tuni upesi kama kawaida yake. Ubeti ukaisha, wakaitikia pamoja, Oliva akimtamkia neno kwa neno, wakarudia mara nne hadi mwitikio ukakaa. Kisha Judica, akiwa na furaha ya mwanafunzi aliyefaulu, akavuta pumzi ili aendelee na mwitikio wa pili. Oliva akamwekea kidole mdomoni.

"Hapa ni pa Thadei," alisema. "Fumba mdomo uvume."

"Hadi lini, bibi?"

"Hadi amalize."

Judica akafumba mdomo.